Salfoniki ya sabuni ya maji: macho, mikono, visima na mabwawa ya samaki

Mpika Povu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu ndani kuna mdau anaomba fomula ya sabuni ya maji lita 20, na kila wiki anapewa ile ile: salfoniki lita moja, slesi (SLES, kemikali ya povu) nusu, soda ashi robo kilo, chumvi, glisirini, rangi, pafyumu, haya nenda kapige hela. Biashara ni nzuri, sina ugomvi nayo. Nimekaa maabara ya kiwanda cha sabuni, na sasa nafundisha vikundi vya akina mama kazi hiyo hiyo, kwa hiyo msinione nimekuja kuwazibia riziki. Ila kwenye nyuzi zote hizo sijaona mtu akiulizwa kama ana miwani ya kukinga macho.

Tuanze na mzigo wenyewe. Salfoniki kwa jina refu ni asidi ya alkilibenzini salfoniki, kwenye madumu mtaona LABSA. Inatokana na mafuta ya petroli: parafini za kwenye mafuta ya taa zinaunganishwa na benzini, kisha zinapigwa na gesi ya salfa trioksaidi. Kinachotoka ni uji mzito wa kahawia kama molasi, nguvu yake asilimia 96 hivi, na ndani yake bado kuna kiasi kidogo cha asidi ya sulfuriki. Ukiizima, yaani kuua asidi yake, kwa kostiki (soda kali) au soda ashi inageuka chumvi inayoitwa LAS. Hiyo LAS ndiyo safaktanti (kemikali ya kutoa povu na uchafu) ya viwandani inayotumika kwa wingi kuliko zote duniani ukiacha sabuni ya kawaida. Iko kwenye karibu kila sabuni ya unga unayoijua.

Sasa watu wanachanganya hivi viwili. LAS iliyokwisha zimwa na kuchanganywa na maji ni kitu cha kuosha vyombo. Salfoniki mbichi ni asidi kali, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikishuka asidi imezidi) chini ya 2, na sheria za Ulaya zimeiweka kwenye kundi la kemikali zinazounguza ngozi na kuharibu jicho moja kwa moja. Ubaya wake una pande mbili. Asidi inaunguza, safaktanti inayeyusha mafuta, na ukuta wa seli za mwili wako umejengwa kwa mafuta. Tena ni nzito, inanata. Maji ya betri yakikurukia yanateremka. Hii inang'ang'ania kwenye kope.

Na inauzwaje? Nenda Kariakoo uone. Inapimwa kutoka kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, kizibo kile kile cha bluu, lebo ya maji bado ipo ubavuni. Inafika nyumbani inawekwa chini ya meza jikoni. Mtoto anajua chupa ile ni ya nini.

Kwenye kuchanganya, makosa ninayoyaona ni haya. Soda ashi ikikutana na asidi inatoa gesi ya kaboni daioksaidi. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, povu linapanda na kufurika ndoo likiwa bado na asidi ambayo haijazimika, na wewe umeinama juu yake na mwiko. Iyeyushe kwanza kwenye maji mengi, halafu mimina salfoniki humo kidogo kidogo huku unakoroga. Wanaotumia kostiki, shida yenu ni joto: kostiki inaingia kwenye maji, si maji kwenye kostiki, iache ipoe, ndipo salfoniki ifuate taratibu. Sufuria ya alumini weka mbali kabisa. Kostiki inaitafuna na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Ndoo ya plastiki na mwiko wa mti vinatosha.

Kipimo: kilo moja ya salfoniki ya asilimia 96 inataka gramu 130 hivi za kostiki, au gramu 175 hivi za soda ashi. Hiyo ni hesabu ya karatasini, mzigo wa dukani unatofautiana, kwa hiyo karatasi za pH ndizo zenye kauli ya mwisho. Sabuni ya vyombo ikae kati ya 6 na 8. Ile "robo kilo kwa lita" ya mtaani inapitiliza, ndiyo maana sabuni nyingi zinakausha mikono.

Halafu kuna wale wa kuongeza jiki ili sabuni ya chooni iwe kali. Asidi ikiwa bado imebaki humo, jiki inatoa gesi ya klorini. Ndiyo ile ile Wajerumani waliyowafungulia askari pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, kwenye Vita vya Kwanza. Kwenye choo kisicho na dirisha sihitaji kuongeza neno.

Naomba kuwasilisha. Mambo ya mazingira nitayagusa wadau wakiuliza.

Kijana wa Mabibo

Mkuu unatisha watu bure. Natengeneza mwaka wa tatu huu, bila glavu wala miwani, niko fiti. Hizi ndizo propaganda za viwanda vikubwa, wanaona tunawamalizia soko.

Mpika Povu

Viwanda vikubwa vinatumia salfoniki hiyo hiyo, mkuu. Tofauti ni kwamba kule anayefungua pipa amevaa ngao ya uso, aproni na glavu ndefu, na bomba la kuoshea macho liko hatua chache kutoka aliposimama. Miwani ya plastiki ya fundi welda msaidizi inauzwa bei ya soda mbili tatu. Wewe ukishaitoa kwenye sabuni ya ndoo moja, imejilipa.

mama_vikoba

Asante sana mwanangu kwa somo. Nina mawili. Kwanza mikono yangu hapa katikati ya vidole inababuka na kuwasha, nikipumzika kutengeneza inapona, nikirudi inarudi. Pili, mtoto wa jirani alikunywa fundo moja kwenye chupa kama hizo ulizozisema. Wakamtapisha, wakampa maziwa mengi. Mtoto alipona lakini alilazwa, kifua kikambana sana. Walikosea wapi?

Mpika Povu

Shikamoo mama.

Pole kwa jirani. Waliomtapisha walifanya kwa mapenzi, lakini hapo ndipo kifua kilipoingia matatani. Asidi iliunguza koo ikishuka, ukimtapisha inaunguza tena ikipanda. Na hii ni kitu cha povu: ikitapikwa, povu linaingia njia ya hewa, mapafu yanajaa. Usimtapishe. Msukutue mdomo, maji kidogo ya kunywa kama yuko macho na anameza vizuri, kisha hospitali haraka na chupa yenyewe mkononi ili daktari ajue ni nini. Maziwa ya kumjaza tumbo yanaongeza tu nafasi ya kutapika.

Ikiingia jichoni: maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 bila kusimama, kope mmezishikilia wazi hata kama anapiga kelele. Saa iangaliwe kweli, maana dakika tano za jicho linalowaka mtu huziona ishirini. Kisha hospitali, hata kama anasema amepata nafuu. Ngozini: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kula, vyote hivyo viacheni jikoni.

Mikono yako, mama, nadhani haiunguzwi na asidi mbichi, ungeona vidonda. Hiyo ni LAS na soda iliyozidi zinang'oa mafuta ya ngozi kila siku mpaka ngozi inapasuka. Glavu za mpira ndefu za jikoni, ndani mikono iwe mikavu, na ukimaliza kazi paka mafuta ya mgando. Pima pH pia. Kama haiponi, muone daktari wa ngozi, maana kuna wengine wanapata mzio wa pafyumu au dawa ya kutunza sabuni na wanailaumu salfoniki.

Shikamoo Kemia

Mleta uzi mbona umekwepa kansa? Kwenye magrupu ya WhatsApp wanasema sabuni za povu zote zina kansa.

Mpika Povu

Sijakwepa, nimeona haistahili nafasi ya kwanza. LAS haimo kwenye orodha za IARC, lile shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa. Lakini ndani ya ndoo ile ile kuna vitu viwili vya kutazama.

Cha kwanza ni formalini. Wengi mnaiweka kijiko au viwili ili sabuni isinuke wala kuoza. Formalini ni formalidehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, na IARC iliiweka kundi la kwanza mwaka 2004, maana yake ushahidi kwa binadamu unatosha: saratani ya nyuma ya pua, na baadaye wakaongeza ya damu. Anayeumia zaidi hapo ni wewe unayefungua chupa yake kwenye chumba kilichofungwa ukavuta mvuke. Mnunuzi wa sabuni anakuja mbali nyuma yako. Kuna wanaoshauri badala yake sodiamu benzoeti. Tatizo, benzoeti inafanya kazi kwenye uchachu, na sabuni yenu iko upande wa soda, kwa hiyo ni kama hamjaweka kitu. Ushauri wangu: tengeneza kiasi kinachouzika ndani ya wiki chache, tumia maji yaliyochemshwa, vyombo visafi.

Cha pili ni slesi. Kiwandani inapotengenezwa inabakiwa na chembe za kitu kinaitwa daioksani, ambacho IARC inakiweka kwenye "huenda". Jimbo la New York limekiwekea kikomo kwenye sabuni za nyumbani, sehemu moja kwa milioni kuanzia mwisho wa 2023. Kiwanda kizuri kinaipunguza kwa kuifukuza na mvuke. Wewe wa ndoo huna cha kufanya zaidi ya kununua slesi yenye cheti. Mimi hii hainikoseshi usingizi. Chupa ya kizibo cha bluu chini ya meza ndiyo inanikosesha.

254 Mtaani

Niaje wadau, nasoma kutoka Nairobi. Huku hiyo slesi tunaiita ungarol. Swali langu ni NP9. Kwa duka za kemikali wanatushawishi tuiweke kwa sabuni ya kuosha magari na sakafu, ati inatoa grisi kuliko hizo zingine zote. Iko salama?

Mpika Povu

Karibu jirani. Hapa ndipo ninapobadilisha sauti. Salfoniki nakwambia itumie kwa adabu. NP9 nakwambia iache.

Muuzaji hakudanganyi, grisi inaitoa kweli, na haiunguzi kama salfoniki. Ubaya wake unaanza ikishatoka kwenye ndoo. NP9 ni nonilifenoli iliyofungwa mkia wa vipande tisa vya ethoksi. Bakteria wa kwenye maji machafu wanakula mkia na kuacha kichwa. Hicho kichwa, nonilifenoli, kina sumu kuliko kitu kizima, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kinashika kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki, na kina tabia ya kuigiza homoni ya kike.

Hilo la homoni liligundulika kwa bahati. Pale Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wanakuza seli za saratani ya matiti ambazo haziongezeki bila estrojeni, hiyo homoni ya kike. Ghafla zikaanza kuongezeka kwenye vyombo ambavyo hawakuweka estrojeni hata tone. Wakatafuta huku na huku, mwishowe wakaikuta inatoka kwenye mirija ya plastiki ya maabara: mtengenezaji alikuwa amebadilisha mchanganyiko wa plastiki, na nonilifenoli ilikuwa inachuruzika. Walichapisha mwaka 1991.

Uingereza nako, kwenye mto Aire kule Yorkshire, viwanda vya kusafisha sufu vilikuwa vinatumia safaktanti za ukoo huu kwa wingi. Watafiti wakakuta samaki madume wa mto ule wana protini ya kiini cha yai kwenye damu. Dume halina mayai. Protini ile haina kazi mwilini mwake. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi karibu yote ya kuoshea, kisizidi asilimia 0.1, kuanzia Januari 2005, na toka Februari 2021 umebana hata nguo zinazoingizwa kutoka nje zenye mabaki yake. Ukiona kitu kimefukuzwa soko la Ulaya na kinauzwa kwa bei ya kutupa River Road au Kariakoo, uliza kwanza.

Kwa grisi ya magari, omba za pombe ya mafuta, zile zinazoitwa ethoksileti za alikoholi. Bei iko juu kidogo, kazi ni ile ile, na bakteria wanazila mpaka mwisho.

Ngamia Mweusi

Mimi sitengenezi sabuni, nimepita tu. Ila maji ya sabuni nikiyamwaga kwenye dimbwi nyuma ya nyumba viluwiluwi wa mbu wanakufa wote. Kwa hiyo tusiite sumu, tuite dawa 😂

Mpika Povu

😂 Umeona kitu cha kweli. Viluwiluwi wa mbu wananing'inia kwenye ngozi ya juu ya maji na kupumua kwa mrija. Safaktanti inalegeza ile ngozi, wanazama. Kwenye dimbwi la nyuma ya nyumba sawa. Shida samaki na vyura nao wanaihitaji hiyo hewa.

mzee wa bwawa

Hapo kwenye samaki ndipo nilipokuwa nasubiri. Nina mabwawa ya sato na kambale, na jirani yangu wa juu ameanza sabuni. Maji yake ya kuoshea ndoo yanashuka kwenye mfereji unaolisha bwawa langu. Akisema "ni povu tu mzee" nimjibu nini kijana wangu?

Mpika Povu

Mzee wangu, mjibu kwa hesabu.

Vipimo vingi vya maabara vinaonyesha LAS inaua nusu ya samaki ndani ya siku nne ikifika kati ya miligramu 1 na 10 kwa lita, kutegemea aina ya samaki na urefu wa mkia wa kemikali (mnyororo wake wa kaboni). Lita moja ya salfoniki ni takribani kilo moja ya kitu chenyewe, yaani miligramu milioni moja. Bwawa la mita 10 kwa 20, kina mita moja, lina lita 200,000. Gawanya: miligramu 5 kwa lita. Lita moja tu, ile chupa isiyojaa, inafikisha bwawa zima kwenye hatari. Na vifaranga ndio wa kwanza kwenda. Inachofanya ni kuvua ule ute unaofunika matamvua na kuyavimbisha. Samaki anakosa hewa ndani ya maji yenye hewa. Ukiwaona wanapanda juu wanahema asubuhi, na povu halitaki kukatika pembeni ya mfereji, fungua maji mapya haraka.

Haki yake nayo tuiseme. LAS si kitu cha kukaa miaka. Kwenye maji yenye hewa bakteria wanaila ndani ya saa au siku chache, na mtambo mzuri wa maji taka unaiondoa asilimia 95 kwenda juu. Ilikuwa tofauti zamani. Baada ya Vita vya Pili sabuni zilitumia ndugu yake mwenye mkia wa matawi, bakteria hawakuweza kuutafuna, na mito ya Ulaya na Marekani ikajaa milima ya povu. Ujerumani Magharibi ikatunga sheria 1961, ikaanza kazi 1964. Viwanda vya Marekani vikahamia kwenye mkia ulionyooka 1965. Hiyo ndiyo salfoniki tuliyo nayo.

Lakini neno zito hapo ni "hewa". Pasipo hewa LAS haioozi kirahisi. Na sisi wengi maji yetu yanaenda wapi? Shimo la choo, septiki, au mtaro wenye tope jeusi. Pale Dar ni mtaro, kutoka mtaroni mto Msimbazi, kutoka Msimbazi baharini karibu na daraja la Salenda. Long Island huko New York walikuwa na makaro na visima jirani kama sisi; kaunti ya Suffolk ikafikia kupiga marufuku uuzaji wa sabuni hizi mwaka 1971, hata hizo za mkia ulionyooka, kwa kulinda maji ya ardhini. Kwa hiyo anayemwaga kwenye shimo mita chache kutoka kisimani asijidanganye kwamba ardhi inachuja.

Kwa jirani yako, usianze na mabavu. Mwambie achimbe kishimo kipana cha mchanga na udongo wa juu mbali na mfereji, maji ya suuza yapite humo. Udongo wenye hewa unaila LAS vizuri ndani ya wiki kadhaa. Akikataa, kuna ofisa mazingira wa kata, na juu yake NEMC, baraza la mazingira la taifa.

Kijana wa Mabibo

Nimesoma zote. Sawa, miwani nitanunua. Na kusajili? TBS watanila hela zote.

Mpika Povu

TBS, shirika la viwango, ni kwa sabuni yenyewe, ubora wa bidhaa. Kwa kemikali ni Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia wadogo kwenye njia ya TBS, anzia huko. Ukinunua salfoniki dai karatasi ya usalama ya mzigo. Muuzaji asiyekuwa nayo, pipa lake hujui lina nini.

mama_vikoba

Mwanangu nimalizie. Ndoo na jagi lenye mabaki ya salfoniki nioshee wapi? Na ikimwagika sakafuni?

Mpika Povu

Usioshe ukamwaga, mama. Suuza kwa maji kidogo na uyatie kwenye sabuni ya ndoo inayofuata, ni mali yako hiyo, umeilipia. Ikimwagika: funika kwa mchanga, nyunyiza soda ashi mpaka iache kuchemka, zoa kwa koleo la plastiki, halafu ndipo upitishe maji. Ukianza na maji utapata povu la nyumba nzima na sakafu ya kuteleza yenye asidi.

mama_vikoba

Nimeelewa. Na yale madumu ya lita 20 matupu? Kuna kijana huwa anakuja kuyanunua, anawauzia wachota maji.

Mpika Povu

Mama, hayo yasuuze kama nilivyosema, halafu yatoboe kabla hayajatoka uani.